Nilivyoiunguza Nyumba ya Mzee Nzowa kwa Kompyuta

Jamani, haya sijawahi kumsimulia mtu yeyote wa pale Vwawa ninapofundisha, maana pale mimi ni Mwalimu Tumsifu wa hisabati, naheshimika, wanafunzi wakiniona kwa mbali wanachomekea mashati, na sikutaka mtu ajue kwamba huko kijijini kwetu Ruanda kuna kipindi kizima nilikuwa nikipita njiani watu wananipisha kama nimebeba dumu la petroli kichwani. Lakini aibu ukiikalia sana inachacha, kwa hiyo leo naitoa yote, mcheke mnavyotaka, mimi nimeshazoea.

Kwanza mjue nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa nasoma shahada ya pili, ile ya kusoma huku unafundisha, na kazi yangu ilikuwa juu ya namna ya kuifanya kompyuta ifuate mstari unaosogea. (Najua. Hata mume wangu akiulizwa mkewe anasoma nini alikuwa anajibu "mambo ya mistari" halafu anauliza habari za mpira.) Lakini ukilitazama vizuri ni jambo la kila siku: ukingo wa maji yanayopanda bondeni ni mstari unaosogea, ukingo wa doa la mafuta ya taa kwenye kitambaa ni mstari unaosogea, na ukingo wa moto unaokula nyasi mlimani ni mstari unaosogea, tena huo unasogea na mali za watu. Unachofanya ni kuuvunja ule mstari uwe vidoti vingi vilivyoshikana kama shanga, kila kidoti unakiuliza umesimama kwenye nini, nyasi kavu, majani mabichi au udongo mtupu, kisha unakisogeza mbele kidogo kulingana na jibu lake, unaviunganisha upya, unauliza tena. Uliza, sogeza, unganisha. Ndiyo hivyo tu, maelfu ya mara, kwa subira.

Nilichagua moto kwa sababu ya mama yangu. Mama ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliopanda paini kwenye mgongo wa kilima juu ya kijiji chetu, na kiangazi cha mwaka uliotangulia mtu mmoja alichoma nyasi akisafisha shamba, moto ukamshinda, ukapanda kilimani ukala nusu ya miti yao. Nilimkuta Mama amekaa kati ya vile visiki vyeusi, hasemi. Mama yangu si mtu wa kunyamaza. Iliniuma vibaya, na pale pale nikajiapiza kwamba nusu iliyobaki haitaungua wakati mimi nina kichwa na kalamu.

Basi nikaanza. Kila likizo nilikizunguka kile kilima kwa miguu, nikapima miteremko kwa kamba, nikaandika penye nyasi ndefu na penye majani mabichi, nikaingiza kwenye ramani mpaka nyumba za watu moja moja (hapo kwenye nyumba ndipo nilipojichimbia kaburi, mtaona). Nikaiwasha programu kwenye kompyuta yangu ya mtumba niliyoinunua Tunduma, yenye vitufe viwili vinavyonasa, na kila nilipoiendesha jibu lilikuwa lile lile: barabara ya moto, yaani ule ukanda tunaoulima mpaka udongo mtupu ili moto ukifika ukose cha kula, ilikuwa inapita pabaya. Ilitakiwa iache njia yake ya kila mwaka na ipinde kufuata mdomo wa korongo. Na ikipinda hivyo, lazima ing'oe safu mbili za kahawa ya Mzee Nzowa.

Mzee Nzowa ni jirani yetu wa upande wa juu, mrefu, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo, na ile kahawa aliipanda kwa mikono yake akiwa kijana. Alishasema kwamba atakayetaka kuing'oa aanze kumng'oa yeye. Uamuzi ulikuwa wa mkutano wa kijiji, na Mama alishatangaza kila mahali, kanisani, kisimani, mpaka kwenye mashine ya kusaga, kwamba mwanangu anakuja na kompyuta yake na kila mtu ataona kwa macho yake. Mkutano ukikubali, paini zilizobaki zinapata kinga. Ukikataa, tunakaa kusubiri kiberiti cha mtu mwingine.

Asubuhi ya mkutano Mwenyekiti wa kijiji akanipigia simu. "Mwalimu, ajenda ni nyingi. Kuna mbolea, kuna madawati, kuna mbwa wanaozurura. Wewe nakupa dakika kumi."

Dakika kumi. Programu yangu ilikuwa inachukua dakika arobaini, kwa sababu kila hatua niliyokuwa nakisogeza kidoti ilikuwa sekunde mbili za moto wa kweli, na saa mbili za moto zina sekunde mbili nyingi sana. Mtu mwenye akili angekuwa ameiendesha jana yake, akahifadhi picha, akaja kuonyesha picha. Mimi nilitaka watu wauone moto ukitembea papo hapo mbele yao. Kwa nini? Kwa sifa tu, niseme ukweli. Basi nikaifungua programu, nikatafuta mahali palipoandikwa sekunde mbili, nikafuta, nikaweka dakika mbili, nikapiga hesabu kwamba dakika arobaini sasa zitakuwa sekunde arobaini, nikaifunga, nikanywa chai. Sikuijaribu hata mara moja. Mimi huyu, niliyefundisha miaka kumi na moja nikiwaambia watoto hakikini majibu yenu kabla ya kukusanya karatasi.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kahawa kwa sababu ndani yake kuna giza la kutosha. Projekta ya kanisa, jenereta ya Mwenyekiti, na ukutani shuka jeupe la Mama, lile la wageni. Watu walijaa mpaka mlangoni. Nikaionyesha ramani kwanza, wakafurahi mno. "Si nyumba yangu ile?" "Mbona choo changu hakipo?" Mzee Nzowa alikaa mbele kabisa na kofia yake magotini, na Mama alikaa karibu yangu, amevaa kitenge kipya, ananitazama kama ninapokea cheti.

Nikasema kwa sauti ya darasani, "Sasa tazameni. Moto unaanzia huku chini, mstari mwekundu. Barabara mpya ya moto ni huu mstari wa kahawia. Moto ukifika hapa, utasimama." Nikabonyeza.

Hatua ya kwanza nzuri. Hatua ya pili nzuri. Hatua ya tatu ule mstari mwekundu ulikuwa upande huu wa barabara, na hatua ya nne ulikuwa upande wa pili, haukuigusa, haukupunguza mwendo, uliiruka kama mtu anavyoruka mfereji, ukatua juu ya nyumba ya Mzee Nzowa, na kwa kuwa mimi fundi nilikuwa nimeipanga programu ionyeshe nyumba inayoungua kwa kuibadilisha rangi kuwa nyeusi, nyumba ya Mzee Nzowa ikawa nyeusi mbele ya kijiji kizima.

 Jenereta tu ndiyo ilikuwa inaongea.

Ningezima pale ingekuwa aibu ya kawaida. Lakini nilipigwa na bumbuwazi, na moto ukaendelea. Vidoti vilianza kupitana, cha nyuma mbele na cha mbele nyuma, mstari ukajikunja ukajisokota kama uzi aliouchezea paka, ukala kanisa, ukala ghala lile lile tulilokaa, ukatoka nje ya ramani, na kule pembeni nilikokuwa nimeweka hesabu ya eneo lililoungua pakaandikwa hekta hasi mia tatu na kumi na mbili. Mtu mmoja nyuma akanyoosha mkono kwa adabu kabisa.

"Mwalimu, hiyo hasi maana yake moto unatuongezea mashamba?"

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia hata harusini. Nikajitupa kwenye kompyuta niifunge, kitufe kikanasa (asante Tunduma), na badala ya kufunga programu ikaanza upya. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nyumba ya Mzee Nzowa ikaungua mara ya pili. Nikabonyeza tena. Ikaungua mara ya tatu. Hapo watu hawakucheka tena. Mama mmoja mwenye nyumba iliyopakana na ya Mzee alitoka mbio, tukadhani mwanawe anaumwa, baadaye tukasikia kwamba alikwenda kutoa magodoro nje. Mimi nikachomoa waya wa jenereta kwa nguvu, nikajikwaa, nikaangukia shuka, likaja chini pamoja na mimi.

Nikatoka ndani ya lile shuka nikamkuta Mzee Nzowa amesimama juu yangu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nyumba yangu imekukosea nini?"

Sasa hapa sikilizeni, maana hapa ndipo penye aibu yenyewe, yale mengine ni vichekesho. Nilijua kilichotokea. Nilikijua tangu hatua ya nne. Barabara ya moto ina upana wa hatua sita za mtu mzima, na mimi nilikuwa nimekiambia kila kidoti kiruke hatua sitini kwa mpigo, kwa hiyo hakuna hata kidoti kimoja kilichopata nafasi ya kukanyaga ule udongo na kuulizwa umesimama kwenye nini. Ningeweza kusema: nimekosea mimi, asubuhi ya leo, kwa haraka. Maneno mafupi. Badala yake nikasema, "Samahani baba, kompyuta imeingia virusi."

Na Mama yangu akasimama. Akapanga kitenge chake, akasema kwa sauti, "Jamani, mmesikia. Mashine inaumwa. Mwanangu haumwi." Alinitetea mbele ya watu wote, na nikamwacha anitetee.

Mwenyekiti akakata maneno. Kwetu ukimtamkia mtu balaa mbele ya watu, hata kwa bahati mbaya, hayaishi kwa samahani ya mdomo, unakwenda kwake na mkubwa wako, mnachukua kuku, mnayamaliza. Na kuitia nyumba ya mzee wa kanisa moto mara tatu ukutani, tena mzee uliye na shauri naye la shamba, hakuna aliyeliona kuwa bahati mbaya. "Mpaka hili liishe kati yako na Mzee," akasema Mwenyekiti, "habari ya barabara ya moto hairudi hapa. Tuendelee na mbolea."

Wiki zile mbili zilizofuata sitazisahau. Nikienda kusaga, watu wanaulizana kwa sauti kama kuna aliyeacha jiko linawaka. Mtu akiwasha sigara ananitazama kwanza. Lakini siyo hayo yaliyoninyima raha. Kila nilipoinua macho niliziona nyasi za kilimani zinabadilika rangi, juzi kijani, jana manjano, leo zinakatika ukizigusa, na juu yake paini za Mama zimesimama hazina habari. Ningeweza kurudi Vwawa nikajifungia na karatasi zangu za kusahihisha. Nikasema hapana. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi, hata kama ni kwa kupiga magoti kijiji kizima.

Jumapili baada ya ibada tukaenda kwa Mzee Nzowa, mimi, Mama, na jogoo mwekundu. Tulimkuta uani, kando ya mabeseni ya kahawa aliyoimenya na kuiloweka ichachuke kabla ya kuoshwa. Tukasalimia, tukakaribishwa viti, Mama akaeleza kilichotuleta. Mzee akamtazama jogoo, hakumpokea.

"Kabla ya kuku," akasema, "niambie. Virusi ndiyo kitu gani?"

 Jibu la uongo lilikuwa tayari kabisa kwenye ulimi, lina maneno ya kitaalamu, asingelijua. Lakini nilifikiria zile nyasi, na nikachoka.

"Hakukuwa na virusi, baba," nikasema. "Nilibadilisha namba moja ile asubuhi ili programu iende haraka. Sikuijaribu. Kosa ni langu."

Nilimsikia Mama akivuta pumzi. Sikumtazama. Mzee Nzowa akasema, "Basi nieleze hilo kosa. Lakini bila mashine. Nikilielewa nitampokea kuku. Nisipolielewa mtarudi naye."

Nikainuka. Nikachota majivu jikoni kwake, nikachora ukanda uani, upana wa kama kiganja na nusu, nikamwambia, "Hii ndiyo barabara ya moto. Mimi ni kidoti cha moto. Sheria yangu ni moja: natembea nimefumba macho, nafumbua nikishatua tu, natazama chini ya mguu. Nikiona majivu, nasimama. Nikiona udongo wa kawaida, naendelea." Nikafumba macho, nikatembea kwa vihatua vifupi vya kubandika kisigino kwenye kidole, kila hatua nafumbua natazama, na mara nikakanyaga majivu, nikasimama. "Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Sasa tazama nilivyofanya mimi."

Nikarudi nyuma. Nikafumba macho, nikainua gauni kidogo, nikaruka kwa nguvu zangu zote. Nikauruka ule ukanda wa majivu bila kuugusa, kama nilivyokusudia, isipokuwa sikuwa nimepima upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na beseni kubwa la kahawa iliyochachuka. Mguu mmoja ukaingia ndani, mwingine ukateleza kwenye maganda, nikakaa. Nilikaa ndani ya kahawa ya mzee niliyekuja kumwomba radhi, na gauni la kanisani, ule ute unanitambaa mpaka kiunoni.

Kwanza nikasikia kama mtu anakohoa. Alikuwa ni Mzee Nzowa anacheka. Alicheka mpaka akavua kofia akajipangusa uso nayo, na Mama naye, ambaye alikuwa amenikasirikia kwa haki, akashindwa kujizuia.

"Nimeelewa," Mzee akasema alipopata sauti. "Mguu mrefu kuliko barabara hauioni barabara."

Miaka minne nilikuwa nimesoma vitabu vinavyotumia kurasa tatu kusema hivyo.

Halafu akaacha kucheka. Akasogea akasimama karibu na beseni (mimi bado nimo), akaniuliza, "Lakini Mwalimu, moto wa mwaka jana ule wa kweli, ulivukaje barabara? Mimi nilikuwepo. Haukutambaa. Gamba la mti linawaka lilipaa na upepo likaja likatua pale, karibu na zizi, nikalizima kwa gunia. Kwa hiyo moto nao una mguu mfupi na una mguu mrefu. Wewe kwenye mashine yako uliweka upi?"

Niliweka mfupi. Miezi yote ile, na vipimo vyote vile, nilikuwa nimeuwekea moto mguu wa kutambaa tu, na cheche zinazorushwa na upepo sikuziweka kabisa. Ile programu niliyoivuruga kwa haraka ilikosea, sawa, lakini na ile niliyoiita sahihi nayo ilikuwa imeacha nusu ya jambo, na aliyeliona ni mzee ambaye hakuwahi kugusa kompyuta.  Nilikaa kwenye kahawa nikajisikia mdogo, lakini pia, sijui niseme vipi, nikafurahi, kwa sababu mtu alikuwa ameingia kwenye hesabu yangu akasimama na mimi humo ndani.

Tuliongea mpaka jua likapinda, mimi nimefungwa kanga ya mkewe. Alijua upepo wa mwezi wa tisa unaingia korongoni saa ngapi na unatokea wapi. Mwishoni akasema safu mbili za kahawa hazitoshi, mahali pale barabara lazima iwe pana zaidi, nichukue nne, na upande wa juu wakae watu na matawi mabichi wasubiri cheche. Akampokea jogoo. Kisha akaweka sharti lake.

"Ulichoniambia hapa ukakiseme kule ulikosema kile kingine."

Njiani, tulipofika kwenye mgomba wetu wa kwanza, Mama akasimama. "Nilisimama mbele ya watu nikasema mashine inaumwa," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilisema kwa nguvu."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Utakwenda kuyatoa maneno yangu pale nilipoyaweka. Halafu ndiyo nitakusamehe."

Jumamosi iliyofuata nikasimama mbele ya kijiji, mara hii uwanjani, bila kompyuta. Nikasema yote: namba, haraka, sifa, uongo wa virusi, na kwamba mama yangu alisema kile nilichomdanganya.  Kisha nikachora uwanjani ukanda wa majivu na mfano wa korongo, nikawapanga akina mama wa kikundi thelathini kwenye kamba ya katani, kila mmoja kidoti, nikawaambia wasukume kamba kwenda mbele, kila mtu kihatua kimoja kifupi kila ninapopiga kofi, na mwenye kukanyaga majivu asimame. Kamba ilipobenuka kama tumbo wakaachana, pakabaki mapengo, nikaita akina mama wengine waingie kuyajaza, na ilipofika penye mfano wa korongo wakabanana mpaka wakaanza kusukumana, nikawatoa wawili watatu. Ndivyo programu inavyofanya, inaongeza vidoti panapotanuka na kuvipunguza panapobanana, ila vidoti vya programu havilalamiki kwamba fulani amenikanyaga kidole. Mstari mzima ukafika kwenye majivu ukasimama. Baada ya hapo Mzee Nzowa akapita mbele akawaeleza habari ya cheche yeye mwenyewe, na alipomaliza akasema, "Safu nne natoa."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye kupinga. Hakuna aliyepinga. Mama akaja akanishika mkono mbele ya wote, akaushika sana.

Moto ulikuja mwezi wa tisa, siku ya kazi, mchana. Mimi nilikuwa darasani Vwawa, nikaacha kipindi katikati, nikafika nimechelewa. Ulikuwa umetambaa mpaka barabara mpya ukakosa cha kula. Cheche ziliruka, kama alivyosema Mzee, zikatua upande wa juu mahali alipokuwa amewasimamisha watu na matawi, zikazimwa moja moja, isipokuwa kona moja ambapo paini kumi na moja ziliungua kabla hawajafika. Zilizobaki zote zilikuwa zimesimama. Mzee Nzowa nilimkuta anapangusa masizi usoni, mahali pa zile safu nne pakiwa udongo mtupu, nikamshika miguu. Akaniinua akasema kona ile nayo niiingize kwenye hesabu ya mwakani.

Nimeiingiza, na nimeweka na ule mguu mrefu wa moto. Programu sasa inachukua saa tatu na nusu. Msimamizi wangu wa chuo ananiambia niharakishe nimalize, mume wangu ananiuliza kwa nini kompyuta inavuma mpaka wakati wa chakula, na mwenyekiti wa kijiji cha jirani, aliyeniomba nikamsaidie na kilima chake, ananipigia simu kila siku kuuliza jibu liko wapi. Nimewaapia wote watatu kiapo kimoja: sitalipua tena kazi inayosimama kati ya moto na miti ya mtu, hata wanaonisubiri wawe wamesinzia kwenye mabenchi. Wasinzie tu. Nikimaliza nitawaamsha mwenyewe.